Ndiyo ya Fundi wa Lifti

Saa tatu kasorobo asubuhi Chujio alikuta kabrasha jipya juu ya meza yake. Juu ya kabrasha palibandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa mkuu wake: "Rufaa. Imalize kabla ya saa kumi jioni. Mimi sioni cha kumaliza."

Jina la Chujio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa idara ya madai katika kampuni ya bima ya afya inayowahudumia watu wanaofanya kazi ugenini, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili madai yalipita kwake na machicha yakabaki. Aliwahi kumnasa bwana mmoja aliyedai kung'olewa meno sita, akamchekesha kidogo, akayahesabu yote thelathini na mawili. Hakuwa mtu mbaya. Alichukia kudanganywa tu, na alikuwa amepata kazi inayomlipa kwa chuki hiyo.

Alivuta kiti akasoma. Mgonjwa: fundi wa lifti, miaka thelathini na minane, mgeni katika nchi hii, yumo mwaka wa pili wa mkataba wake. Ugonjwa: jiwe limeziba njia ya mkojo upande wa kushoto na figo imevimba. Upasuaji umepangwa leo saa kumi na moja jioni, endapo barua ya dhamana ya malipo itaifikia hospitali kabla ya saa kumi. Uamuzi wa awali: madai yamekataliwa. Sababu: ugonjwa uliotangulia bima, na mteja mwenyewe alikiri.

Kukiri kwenyewe kulikuwa kwenye fomu ya afya. Kampuni humpigia simu kila mteja mpya na kumwuliza maswali kumi kabla ya kumkubali, kisha makao makuu, yaliyoko ng'ambo, huyapanga majibu kwenye safu mbili: huku swali, huku jibu. Maswali sita ya mwanzo, moyo, sukari, presha, mapafu, saratani na kifafa, yote yalijibiwa "Hapana". La saba: Je, umewahi kutibiwa figo? "Ndiyo." La nane: Je, umewahi kutibiwa ini? "Ndiyo." La tisa: Je, umewahi kutibiwa uti wa mgongo? "Ndiyo." Jibu la kumi lilikatwa kwa mistari ya wino, na pembeni mkaguzi wa makao makuu ameandika "Haihusu" na herufi mbili za jina lake. Chujio aliliruka. Swali la kumi huuliza kama mteja ana mimba, na fundi wa lifti alikuwa mwanamume.

"Umeshaona," alisema mkuu wa madai, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Wafanyakazi walimwita Muhuri, kwa kuwa muhuri wa idara alikaa nao mfukoni, hata akienda msalani.

"Nimeona."

"Figo, ini, mgongo. Kayataja kwa mdomo wake, tukamwandikia kwenye cheti chake kwamba hayo matatu hatuyagusi. Mtu akishasema ndiyo, ndiyo ni ndiyo."

"Mkewe ameandika kwamba mumewe hajawahi kuugua figo hata siku moja."

"Na mumeo wewe anajua yako yote?"

"Mimi sina mume, mkuu."

"Basi usibishane na wenye nao."

Chujio alifunga kabrasha. "Mtu mwenye figo mbovu, ini bovu na mgongo mbovu, anashukaje kwenye mashimo ya lifti kila siku?"

"Kamwulize," alisema Muhuri. "Saa kumi."

*

Wodi ilikuwa ghorofa ya tatu, na kwenye mlango wa lifti ya hospitali palibandikwa karatasi: HAIFANYI KAZI, TUMIA NGAZI. Chujio alifika juu akihema. Alikuta mwanamume mrefu amejikunja kitandani kwa ubavu, na mwanamke mfupi ameketi kando yake akimpangusa shingo kwa kitambaa.

"Umepanda ngazi," alisema fundi, akijaribu kutabasamu. "Ile ni swichi ya mlango tu. Naisikia kutoka hapa inavyolia. Nikiinuka nitawatengenezea."

"Natoka bima," alisema Chujio.

"Waliotukataa," alisema mke.

"Haohao."

Mke alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, asione pa kuanzia kumchukia, akamsogezea kiti.

Muuguzi aliingia kabla hawajaanza. "Hujanywa chochote tangu saa kumi na mbili?"

"Ndiyo, sista."

Muuguzi aliandika kwenye chati iliyoning'inia miguuni mwa kitanda: hajanywa. Akatoka. Chujio alimwona akiandika, kwa sababu ana tabia ya kusoma kila kinachoandikwa mbele yake, hata bei za sokoni. Kisha akafungua daftari lake.

"Nani aliwahi kukutibu figo?"

"Hakuna."

"Ini?"

"Ini ninalolijua mimi ni la kukaanga."

"Mgongo?"

Fundi alifungua mdomo, lakini mkewe akawahi. "Mgongo ndio ugonjwa wake. Miaka yote tuliyokaa pamoja ni mgongo, mgongo."

Kalamu ya Chujio ilisimama. Fundi alifumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Ulimwanza lini?" aliuliza Chujio taratibu.

"Siku ya kwanza tuliyohamia nyumba yetu, nilipomwambia abebe kabati. Nikimwambia ahamishe godoro, unamwuma. Akiitwa na wenzake mpirani, umepona. Hospitali gani itatibu ugonjwa huo, dada? Ningempeleka zamani."

Chujio alifuta neno alilokwisha kuliandika. Alijizuia kucheka, maana hakuja kucheka.

"Sasa nieleze wewe," alisema mke, na sauti yake ikashuka. "Kwani mtu akiwahi kuumwa, basi tena? Ahesabiwe mgonjwa mpaka kaburini?"

"Si basi tena. Akisema mapema, kampuni inaweza kumkubali na ugonjwa wake akachangia zaidi, au inautenga ule ugonjwa na kumlinda kwa mengine yote, kama ilivyofanya kwenu. Wapo wanaowekwa kwenye subira: miaka miwili mfululizo bila dalili wala dawa, ugonjwa unasamehewa. Kinachoharibu ni kuficha."

"Mume wangu kaficha au kasema?"

"Kwenye karatasi, kasema."

"Na hapa kitandani?"

"Hapa anakana."

"Basi ana midomo miwili, na mimi huu wa pili sijawahi kuuona." Alikikunja kitambaa, akakikunjua. "Dada, sisi huku ni wageni. Kadi ya matibabu ya wenyeji hatuna. Ndugu zetu tumeshawapigia mpaka wanatukwepa. Kilichobaki ni hiyo bima yenu."

"Cheti chenu hamkukisoma? Kimeandikwa kwamba figo zimetengwa."

"Kurasa arobaini, kwa lugha ya wakubwa wenu. Wewe cha kwako umekisoma?"

Chujio alikuwa na cheti chake mwenyewe kwenye droo ya jikoni, na hakuwahi kupita ukurasa wa tatu. Akamgeukia fundi. "Ile simu ya maswali kumi, unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Nilikuwa juu ya kibanda cha lifti, ghorofa ya nne, simu nimeibana hapa begani. Alikuwa mama mmoja mcheshi. Mwishoni alinichekesha mpaka bisibisi ikaniponyoka, ikashuka mpaka chini kabisa."

"Alikuchekesha kwa lipi?"

"Nimeshasahau. Utani tu." Maumivu yalimpitia, akajikunja zaidi mpaka yalipopungua. "Lakini nilimwambia sijawahi kuumwa kitu. Hilo silisahau."

Chujio aliandika: alicheka. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kukutana na mtu anayeungama magonjwa matatu huku akiangusha vyombo kwa kicheko.

Daktari alimpata kwenye korido, akiwa na picha za vipimo mkononi.

"Hilo jiwe lina umri gani?" aliuliza Chujio.

"Mawe hayaji na cheti cha kuzaliwa. Miezi, mwaka, siwezi kula kiapo."

"Na ini?"

"Damu ya jana inaonyesha ini zima. Uti wa mgongo nao uko sawa, na figo ya kulia haina tatizo. Hilo halithibitishi kwamba hajawahi kutibiwa. Linathibitisha kwamba kama alitibiwa, alimpata daktari hodari kuliko mimi."

"Akikosa zamu ya leo?"

"Inayofuata ni baada ya siku sita. Ile figo haitasubiri siku sita." Daktari alishusha picha. "Na mtu mwenye figo moja hapewi cheti cha kufanya kazi kwenye mashimo. Mkataba wake utaishia hapo, na kibali cha kukaa nchini kitaondoka na mkataba."

Chujio alishuka ngazi. Akiwa kwenye kidato cha mwisho alimpigia msimamizi wa karakana ya lifti. Msimamizi alisema mafundi wake wote hupimwa kila mwaka, na fundi huyu aliwahi kukosa siku moja tu ya kazi, kwa ajili ya jino.

*

Kumbukumbu za kampuni zilitunzwa na mzee waliyemwita Babu Faili, aliyebakiza miezi minne astaafu na aliyejua kila karatasi ilipolala.

"Simu hii alipiga nani?" aliuliza Chujio.

Babu Faili alivaa miwani, akasoma pembe ya fomu. "Bi Simu. Unamkumbuka? Sauti tamu, mazungumzo marefu. Muhuri alimwondoa kwa sababu ya hayo mazungumzo. Na hii," akagonga tarehe kwa kucha, "ni wiki yake ya mwisho. Alishapewa barua."

Chujio alihisi amepata pa kushika. Mfanyakazi aliyefukuzwa, wiki ya mwisho, hasira kifuani na fomu za wateja mkononi. Ndiyo tatu zinaandikwa kwa sekunde tatu. Tena kulikuwa na lile jibu la kumi lililokatwa: mkono wa mtu mwingine ulishaigusa fomu hii.

"Sauti yenyewe ipo?"

"Ipo. Lakini sauti za mwaka ule ziko ghala la chini, kwenye maboksi. Nipe saa mbili."

"Nakupa moja."

"Mwanangu, magoti yangu nayo yalitangulia bima," alisema Babu Faili, lakini alikuwa ameshanyanyuka.

Bi Simu siku hizi aliuza miwani katika duka jembamba, vioo pande zote. Ilikuwa saa saba na nusu. Alimjua Chujio papo hapo, na uso wake ukajifunga.

"Nimekosa nini tena? Nyie si mlishanifukuza?"

"Sijasema umekosa."

"Chujio haendi mahali kunywa maji. Kaa. Watu wakiona umesimama hivyo watadhani nauza miwani ya wizi."

Chujio alikaa mbele ya kioo cha mezani, akaieleza kesi: fundi, jiwe, saa kumi. Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Wiki ile ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa na hasira mpaka nywele zinaniuma."

"Ukawajazia wateja ndiyo?"

Bi Simu hakukasirika, jambo lililomshangaza Chujio; alionekana ameumia. "Hasira yangu ilikuwa kwa Muhuri. Mtu aliye juu ya kibanda cha lifti amenikosea nini? Mimi niliandika kilichotoka mdomoni mwa mteja, neno kwa neno. Ndivyo mlivyotufundisha. Akisema hapana, hapana. Akisema ndiyo, ndiyo."

"Huyu alisema ndiyo?"

"Kama nimeandika ndiyo, alisema ndiyo."

Hapo pakawa ukuta. Chujio aliangalia saa yake. Bila kufikiri alichukua fremu moja juu ya meza, akaivaa, akajitazama kwenye kioo. Hakuipenda, akajaribu nyingine.

"Uliyasoma maswali kama yalivyoandikwa?"

"Ukurasa wa kwanza, ndiyo. Sita ya mwanzo niliyasoma kama padri. Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali manne tu, na nilishayakariri. Nikifika pale nilikuwa naufunika ule mwongozo naongea na mtu. Ndiyo maana walinipenda, na ndiyo maana simu zikawa ndefu."

"Uliongea nao vipi?"

"Kama tunavyoongea." Bi Simu alichukua kibweta cha miwani akakiweka sikioni, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya asali. "Haya ndugu yangu, tunakaribia kumaliza, usinichoke. Figo hujawahi kutibiwa?"

"Ndiyo," alisema Chujio, akigeuza uso kuangalia fremu kwa ubavu.

"Ini halijawahi kukusumbua?"

"Ndiyo."

"Na mgongo, hujawahi kulazwa kwa ajili yake?"

"Ndi—"

Chujio aliganda. Ndani ya kioo mwanamke mwenye miwani isiyomfaa alikuwa amemtolea macho. Figo zake zilikuwa nzima. Hajawahi kulazwa tangu azaliwe. Na kwa nusu dakika, akiwa na akili zake zote, alikuwa amekiri magonjwa matatu.

Aliuona mkono wa muuguzi ukiandika kwenye chati. Hujanywa chochote? Ndiyo, sista. Na muuguzi, bila kusita, akaandika: hajanywa. Mtu yeyote aliyelisikia swali angeandika hivyo. Ila makao makuu hawakulisikia swali. Walipokea safu ya majibu peke yake, wakaiweka kando ya maswali yao yaliyochapwa, na "ndiyo, sijawahi" ikageuka "ndiyo, nimewahi".

"Swali la kumi," alisema, akivua miwani. "La kumi ulikuwa unaulizaje?"

"La mimba? Kwa wanaume nilikuwa natania tu." Kibweta kikarudi sikioni. "Na mimba huna, baba?"

Chujio alitoa fomu kwenye kabrasha, akaenda nayo mlangoni kwenye jua, akaigeuza mgongo na kuiinua. Chini ya mistari ya wino, jibu lililokatwa lilisomeka kutoka upande wa pili. Herufi tano: Ndiyo.

Mkaguzi wa makao makuu alikuwa ameona mwanamume amekiri kuwa na mimba. Hakujiuliza imekuwaje. Alikata kosa lile moja lililomchekesha, akayaacha matatu yasiyochekesha.

"Nimewaumiza watu?" aliuliza Bi Simu nyuma yake. Kibweta kilikuwa bado mkononi.

"Si wewe. Wewe uliandika sawasawa." Chujio alikuwa ameshafika barabarani aliporudi hatua mbili. "Na samahani kwa lile la hasira."

*

Saa tisa na dakika kumi Babu Faili alipanda kutoka ghala la chini na vumbi kichwani, akiwa na sauti aliyotumwa. Walisikiliza watatu ofisini kwa Muhuri, mlango umefungwa. Maswali sita yalisomwa kama yalivyoandikwa, na fundi akajibu hapana mara sita. Kisha sauti ya asali: figo hujawahi kutibiwa? Ndiyo. Ini halijawahi kukusumbua? Ndiyo. Mgongo, hujawahi kulazwa kwa ajili yake? Ndiyo. Na mimba huna, baba? Kikafuata kicheko kikubwa cha mwanamume. "Ndiyo, mama, hiyo bado sijajaliwa." Halafu kitu cha chuma kikagonga, kikagonga tena chini zaidi, na mara ya tatu kwa mbali sana.

"Ni bisibisi hiyo," alisema Chujio. "Ghorofa nne."

Babu Faili alicheka mpaka akatafuta leso. Muhuri hakucheka. Aliiweka barua ya dhamana ambayo Chujio alikuwa ameshaichapa mbele yake, akailinganisha na ukingo wa meza.

"Neno lililorekodiwa ni ndiyo," alisema. "Makao makuu watataka kujua kwa nini tumeligeuza. Mimi nikawaambie nini? Kwamba huku kwetu ndiyo ni hapana?"

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Chujio aliitazama ile barua, kisha mfuko wa shati la mkuu wake.

"Mkuu, barua hii hujaigonga muhuri bado?"

"Ndiyo."

"Vizuri." Akainua simu ya mezani. "Nawapigia hospitali niwaambie umeshaigonga."

"Nimekwambia sija—"

Muhuri alimtazama Chujio, akamtazama Babu Faili, ambaye alikuwa anaukagua ukuta kwa makini makubwa. Kisha Muhuri akaingiza mkono mfukoni.

"Hilo utawaandikia wewe makao makuu," alisema, akiupulizia muhuri pumzi. "Kama ulivyoniuliza mimi. Neno kwa neno."

Aliugonga kwa nguvu hata kikombe kikaruka.

Barua iliingia hospitali saa tisa na dakika thelathini na nane. Chujio alisubiri hadi karani wa kule aliposema ameipokea, kisha akampigia mke wa fundi mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida huachiwa barua.

"Wamekubali," alisema. Hakutaka kuanza na kitu kingine chochote. "Anaingia saa kumi na moja. Na yale matatu yanafutwa kwenye cheti chenu."

Alisikia mwanamke akilia kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuitegemea kwa mtu mwenye maneno yote yale, na nyuma yake mwanamume akiuliza, wamesemaje, wamesemaje. Chujio aliona macho yake mwenyewe yanalowa, akageukia dirishani. Alikuwa amefurahi, na hakutafuta jina jingine la hali hiyo.

"Dada," alisema mke alipoweza. "Siku akipona, kabati atalibeba."

*

Babu Faili alimkuta bado mezani saa kumi na moja. Alikuwa na orodha, kwa kuwa Chujio alimwomba atafute kila mteja wa Bi Simu aliyetengewa figo, ini na mgongo kwa mpigo.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Na ukikagua wanawake utacheka. Kuna bibi wa miaka hamsini na saba ambaye kwenye vitabu vyetu ana mimba ya mwezi wa ishirini."

Chujio alicheka, kisha akaipitia orodha na kicheko kikaisha. Wawili kati yao walishawahi kukataliwa madai, na sahihi iliyowakataa ilikuwa yake. Hakuondoka ofisini mpaka alipowapata wote wawili kwa simu. Mmoja aliishi na maumivu ya mgongo kwa mafuta ya kuchua. Wa pili alikuwa ametibiwa kwao na kurudi kazini. Walikuwa hai, na walipatikana, na mambo yao yangerekebishika. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, kwa maneno yasiyo na ukanushi ndani yake.

Asubuhi yake alipitia hospitali kabla ya kazi. Hakutumwa. Lifti ilikuwa bado na karatasi yake, akapanda ngazi. Mke wa fundi alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kitambaa kimemwangukia magotini. Kwenye meza ndogo palikuwa na kichupa, na ndani yake kijiwe kisichofika punje ya mahindi.

Fundi alikuwa macho, amelala chali, amenyooka kitanda kizima. Muuguzi alikuwa miguuni na chati yake.

"Huna maumivu?"

Fundi alifungua mdomo. Akamwona Chujio mlangoni, akaufunga. Alifikiri kidogo.

"Andika, sista," alisema. "Sina."